Namna ya Kumkutanisha Mtu na Ujana Wake Jukwaani

Kila mtaa una mtu ambaye habari zake zikisimuliwa, msimulizi humalizia kwa kushusha mabega: "Basi, ndivyo alivyoandikiwa." Igizo ninalotaka kukuelekeza namna ya kuliandaa huanzia pale msimulizi anapoishia. Linamchukua mtu mzima mmoja, linamketisha mbele ya yeye mwenyewe alipokuwa na miaka kumi na sita, kisha linawapa watazamaji ruhusa ya kusimamisha mchezo, kupanda jukwaani na kujaribu kumpitisha njia nyingine. Halidai ukumbi, taa wala pazia. Uwanja wa shule unatosha, au kivuli cha mwembe, pamoja na waigizaji watano au sita na mwezeshaji mmoja asiyependa sana kusikia sauti yake mwenyewe.

Nikupe msimamo wangu mapema. Maigizo mengi ya namna hii huharibika kwa sababu mtu mzima hupewa nafasi ya kumhubiria kijana. Anamjia na maonyo, watu wanapiga makofi, kisha wanarudi nyumbani wakiwa wameambiwa walichokijua tangu asubuhi. Geuza mambo. Kijana ndiye awe na maswali, na mtu mzima ndiye ahangaike kujibu.

Njia hii ilikotoka

Wapo watakaokwambia jambo hili ni la kigeni. Ni kweli kwamba aliyelipa utaratibu unaojulikana duniani ni Mbrazili, Augusto Boal. Mwaka 1971 alikamatwa chini ya utawala wa kijeshi wa nchi yake, akateswa, kisha akaenda uhamishoni Argentina. Mwaka 1973 alishiriki kampeni ya kufuta ujinga nchini Peru. Wakati huo watazamaji walikuwa wakipendekeza la kufanya, na waigizaji wakilitekeleza. Boal mwenyewe alisimulia habari ya mama mmoja aliyedanganywa na mumewe: kila waigizaji walipojaribu kuonyesha alichopendekeza, mama alikataa kuwa sivyo. Mwishowe akaambiwa apande aonyeshe mwenyewe. Akapanda, akamshika yule mwigizaji wa kiume na kumcharaza kwa ufagio huku akimpa ya moyoni. Tangu hapo Boal hakumwacha tena mtazamaji kwenye kiti chake.

Kwetu, mwanzoni mwa miaka ya 1980, Penina Mlama, Amandina Lihamba na wenzao wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikwenda Malya, mkoani Mwanza, wakafanya kazi na wanakijiji. Michezo ilitungwa kutokana na matatizo yaliyotajwa na wenyeji, mimba za wasichana zikiwemo. Mwaka 1996 Mlama na Lihamba wakaanzisha mradi wa Tuseme, ambamo wasichana wa sekondari walitumia maigizo, ngoma na nyimbo kueleza yanayowakwamisha masomoni. Na kabla ya vyuo vyote hivyo, aliyepita unyagoni anajua kwamba kule hakuna mtu wa kukaa pembeni akakunja mikono. Kwa hiyo usiwaendee watu kama unayewaletea teknolojia mpya.

Chagua mtu, usichague tatizo

Vikundi vingi hufika mazoezini na mada kama "mimba za utotoni" au "dawa za kulevya". Mada haina uso. Anza na mtu mmoja wa kutunga. Kaeni chini, mwandike maisha yake kwenye vipande vya karatasi, tukio moja kipande kimoja, mvipange sakafuni kuanzia utoto hadi leo. Kisha mpite juu ya kila kipande na kuuliza: nani alisema, nani alifanya, nani alisaini? Vipande visivyo na jibu vigeuzeni kifudifudi. Hivyo ni vya Mungu: ukame, ugonjwa, kifo. Vilivyobaki wazi ndivyo vya igizo lenu.

Msiviondoe vile vilivyogeuzwa. Igizo ambalo kila kitu ndani yake kingeweza kubadilishwa ni la uongo, na watazamaji watalinusa. Acheni angalau tukio moja ambalo hakuna aliyeweza kulizuia, ili watu waone tofauti kati ya hilo na mengine.

Nikupe mfano tutakaoutumia mpaka mwisho. Neema ni mtoto wa kubuni, anaishi Holili, mpakani mwa Tanzania na Kenya. Mwaka 2003 baba yake anafariki kwa ugonjwa. Kipande hicho kigeuze. Mwaka 2004 ana miaka kumi na sita, yuko kidato cha pili, anaishi na mama yake chini ya uangalizi wa baba mdogo. Utingo mmoja wa magari ya mizigo, mtu mzima, anampa lifti za kwenda shule, na Neema anapata mimba. Wasichana wanapimwa shuleni, inajulikana. Mwalimu mkuu anaandika barua ya kumfukuza. Baba mdogo anapokea mbuzi wawili na pesa kidogo kutoka kwa ndugu wa utingo, anasema yamekwisha. Mama ananyamaza. Leo Neema anauza ndizi stendi ya Himo, na majirani wanasema ndivyo alivyoandikiwa.

Sasa piteni juu ya vipande vyenu mkiwa na sheria mkononi. Tanzania ilikuwa na kanuni za mwaka 2002 za kufukuza wanafunzi, zilizotaja makosa dhidi ya maadili, na mimba ilihesabiwa humo. Barua ya mwalimu mkuu ilikuwa na mahali pa kusimamia. Lakini upande wa pili wa kizuizi cha barabara, Taveta, serikali ya Kenya ilikuwa na mwongozo tangu mwaka 1994 unaomruhusu msichana kurudi shule baada ya kujifungua. Utekelezaji wake ulisuasua, lakini mwongozo ulikuwepo. Neema angezaliwa mwendo mfupi tu mashariki, barua ile isingekuwa na nguvu ile ile. Novemba 2021 serikali ya Tanzania nayo ikatangaza kwamba wanaojifungua wataruhusiwa kurudi kwenye shule za kawaida. Mtoto wa Neema alikuwa na miaka kumi na sita mwaka huo, umri wa mama yake alipofukuzwa.

Kuna sheria nyingine ambayo kikundi chako kisipoitafuta, igizo litachechemea. Tangu mwaka 1998 sheria ya makosa ya kujamiiana ya Tanzania ilisema kwamba mtu mzima anayelala na msichana aliye chini ya miaka kumi na minane asiye mke wake amebaka, hata kama msichana alikubali. Kwa hiyo mwaka 2004 kulikuwa na karatasi mbili. Moja ilimhusu Neema, ikatekelezwa ndani ya wiki. Nyingine ilimhusu utingo, na hakuna aliyeifungua. Kwa maoni yangu hapo ndipo igizo zima lilipo. Mbuzi wale wawili walifunika kosa la jinai, na kila mtu mzima pale uani alikubali kuita jambo hilo majaaliwa.

Fanya hivi kwa kisa chochote utakachochagua. Mfungwa aliyetoka, mvuvi aliyepoteza mashua kwa mkopo, kijana aliyenyimwa kiwanja cha marehemu baba yake: tafuta sheria, kanuni au desturi ya mwaka ule, na uone nani aliitumia na nani aliificha. Ola Rotimi wa Nigeria alifanya kazi ya aina hii mwaka 1968 alipoihamishia tamthilia ya Sofokile ya Mfalme Edipode katika nchi ya Wayoruba. Kwa Wagiriki, mfalme anamuua baba yake bila kumjua, kwenye njia panda. Rotimi akauweka ugomvi huo shambani, juu ya ardhi na viazi vikuu. Utabiri ni ule ule, lakini mkulima anayetazama anaweza kusema, hapa mimi ningetupa jembe chini nikaondoka. Tafuta shamba lako.

Mkutano wenyewe

Hapa kaa sana, hata ikibidi mazoezi mengine yapungue.

Tumia waigizaji wawili, Neema mkubwa na Neema mdogo. Usitegemee kufanana kwa sura. Wape tabia moja ya mwili inayofanana, kama namna ya kujishika kiwiko au ya kuhesabu kwa vidole vya mkono wa kushoto. Watazamaji wataitambua kabla hujawaeleza. Maleba yawe machache: sare ya shule kwa mdogo, kanga na ndoo ya ndizi kwa mkubwa.

Mdogo hajui yatakayotokea. Hilo ni sharti ambalo halina msamaha. Yeye yuko mwaka 2004, siku moja kabla ya kupanda gari kwa mara ya kwanza. Hajui stendi ya Himo, hajui mtoto, hajui kwamba aliye mbele yake ni yeye. Mwigizaji atakayejua zaidi ya hapo atacheza kwa huruma, na huruma ya mapema huua mkutano.

Mtoto ataamkia. Acha aamkie. "Shikamoo, mama." Neema mkubwa anapokea shikamoo kutoka kwake mwenyewe, na hawezi kuiruka. Hapo baadhi ya watazamaji hucheka, wengine hunyamaza. Usiharakishe. Akichelewa kusema "marahaba", achelewe.

Kisha wape mazungumzo. Mazungumzo mabaya ni haya:

"Nimekuja kukuonya. Usipande gari la yule kijana."
"Kwa nini?"
"Atakuharibia maisha."

Yamekwisha, hakuna pa kwenda. Mtoto ama atatii, ama atabisha, na yote mawili hayatufunzi kitu. Jaribu hivi:

"Ndizi zako ni za nani, mama?"
"Zangu."
"Kwa hiyo una migomba mingi?"
"Nanunua kwa mtu, nauza."
"Hesabu unapiga mwenyewe?"
"Napiga mwenyewe."
"Mwalimu anasema mimi ndiye wa kwanza kwa hesabu. Wewe ulikuwa wa ngapi?"

Neema mkubwa sasa ana kazi. Akisema alikuwa wa kwanza, mtoto atauliza mbona yuko hapa. Akidanganya, watazamaji watamwona anadanganya, na watajua anamlinda nani. Mwandishi mzuri wa kikundi atagundua kwamba hakuna haja ya kumtaja utingo kabisa katika mkutano huu. Mwambie mwigizaji wa mdogo aandike maswali kumi ambayo mtoto wa miaka kumi na sita angemuuliza mtu mzima anayempenda, kisha mchague matatu. Maswali ya chakula, pesa, nguo na mama huzaa kuliko maswali ya ndoto na malengo.

Kuna zoezi litakalokusaidia mazoezini. Jacob Moreno, daktari aliyeanza kazi yake Vienna na kuihamishia Marekani, alitumia sana mbinu ya kubadilishana nafasi. Waketishe wawili wazungumze. Mwezeshaji apige kofi moja, wabadilishane viti na nafsi. Aliyekuwa mkubwa anakuwa mdogo na analijibu swali lake mwenyewe. Rudieni mpaka kila mmoja ajue mwenzake anaficha nini. Moreno alitumia pia kiti kitupu, ambacho mtu huzungumza nacho kana kwamba amekikalia mtu fulani. Zoezi hilo ni zuri kwa kikundi, lakini siku ya onyesho usiwape watazamaji kiti kitupu wazungumze na ujana wao wenyewe mbele ya majirani. Nitaeleza sababu huko mbele.

Mkutano uingie baada ya watazamaji kuona kisa chote kikichezwa mpaka mwisho wake mbaya. Kisa kiwe cha dakika ishirini hivi, kwa maonyesho manne mafupi: lifti, ofisi ya mwalimu mkuu, mbuzi uani, na stendi. Kisha wawili wakutane. Mkutano ukiisha, Neema mkubwa ageuke awaulize watu: "Ninyi mlikuwa wapi?" Swali hilo liulizwe kwa sauti ya kawaida, kama anayeuliza bei.

Mtazamaji anapopanda

Mwezeshaji sasa anaeleza kanuni, kwa ufupi. Kisa kitachezwa tena. Yeyote akiona mahali ambapo mtu angeweza kufanya tofauti, apaze sauti "Simama!" Waigizaji wanaganda. Aliyesimamisha anapanda, anachukua nafasi ya mhusika, mchezo unaendelea kutoka hapo. Haruhusiwi kutoa hotuba, afanye.

Nafasi ya nani? Boal alishikilia kwamba anayebadilishwa ni mnyonge, kwa sababu ndiye anayetafuta njia ya kutoka. Ukimbadilisha mwalimu mkuu akawa mwema, umeifuta shida na hujajifunza kitu. Nakubaliana naye, kwa nyongeza moja: mruhusu mtazamaji achukue nafasi ya mama. Katika kisa kama hiki mama ni mnyonge na pia ni mwenye nguvu kidogo aliyoamua kutoitumia, na wanawake wa makamo walioketi mkekani watataka kuichukua nafasi yake kuliko ya mtu mwingine yeyote. Wakishapanda, utasikia mambo ambayo hakuna mwandishi angeyatunga.

Waigizaji wa upande wa pili, yaani mwalimu mkuu, baba mdogo na utingo, wana kazi ngumu kuliko zote. Wasilegee. Mtazamaji akija na neno zuri, wamzuie kwa kila sababu ambayo mtu wa kweli angeitoa: heshima ya ukoo, gharama, "watu watasema nini". Lakini neno likiwa na nguvu kweli, wayumbe. Mazoezini wape watu wa kikundi wawajaribu kwa mbinu mbalimbali, ili wajue ni wapi baba mdogo angepasuka. Akipasuka mapema, watu watadhani haki ni rahisi. Asipopasuka kamwe, wataondoka wakiwa wamekata tamaa.

Kuna njia za kutoka ambazo Boal alizihesabu kuwa miujiza. Mfadhili anatokea ghafla. Utingo anaokoka na kuomba msamaha. Mtu anampigia simu mwandishi wa habari, wakati kisa kiko kijijini mwaka 2004 na simu ya mkononi anayo mwenye duka peke yake. Mwezeshaji asiseme hapana. Awageukie watu: "Hili lingetokea kwetu, mwaka ule?" Watu watajisahihisha wenyewe, tena kwa vicheko. Na kila jaribio lililokubalika alifuatishe kwa swali la gharama: nani angekasirika, nani angelala njaa, nani angeitwa kikaoni?

Wanaume na wazee watainua mkono kwanza. Hiyo ni desturi ya mikutano yetu na hutaivunja kwa kuisema vibaya. Panga tangu mwanzo: waketishe wasichana mbele, pamoja na mama mmoja wanayemwamini. Kabla ya onyesho la wote, cheza kisa kwa wasichana peke yao, ili siku ya pili wawe wamekwisha kusimamisha mchezo angalau mara moja. Kama kuna watani mkutanoni, watumie. Mchaga aliyekaa kimya hupata ulimi Mpare anapomchokoza. Na kimya kikitanda baada ya "Nani atasimamisha?", mwezeshaji akivumilie. Wengi hukimbilia kukijaza kwa maelezo, na kwa kufanya hivyo wanawaambia watu kwamba hawahitajiki.

Wakitaja mapenzi ya Mungu

Watataja. Sheikh, mchungaji au bibi wa watu atasema kwamba kudura haipingwi, na mja hana hiari. Usiingie kwenye mjadala wa elimu ya dini; hutashinda na wala hukuja kwa hilo. Mheshimu, kisha urudi kwenye karatasi zako: kifo cha baba yake Neema tumekiacha kama kilivyo, hakuna aliyekigusa. Barua hii ilisainiwa na nani? Mbuzi walifungwa kwa nani? Mara nyingi kiongozi wa dini mwenyewe ndiye atakayesema kwamba dhuluma ya mtu isisukumiwe Mungu, na maneno hayo yakitoka kinywani mwake yatafika mbali kuliko yakitoka kwako.

Haki bila kura

Utashawishika kumaliza kwa hukumu. Watu wanapenda kesi. Ferdinand von Schirach, mwanasheria na mwandishi wa Ujerumani, ana tamthilia iitwayo Terror, ya mwaka 2015, ambayo watazamaji wake wamekuwa wakipiga kura katika nchi nyingi. Rubani wa jeshi ameidungua ndege ya abiria iliyotekwa, yenye watu 164, ili isiangukie uwanja wa mpira wenye watu 70,000. Watazamaji wanaamua kama ana hatia, na mwisho unachezwa kulingana na kura. Katika maonyesho mengi rubani aliachiwa huru.

Ni mchezo uliojengwa kwa ustadi, lakini usiuige hapa. Kura humpa mtazamaji raha ya hakimu bila kazi yake. Anainua mkono, anahesabiwa, anaondoka akiwa msafi. Katika kisa cha Neema, kura ya "nani mwenye makosa" itamwangukia utingo kwa kishindo, na baba mdogo, mwalimu mkuu, mama na majirani wote watajificha nyuma yake.

Badala yake ketisha baraza. Weka wahusika wote katikati, kila mmoja na kitu alichokishika katika kisa: kalamu, kamba ya mbuzi, funguo za gari. Uliza swali la madai: nani anamdai nani, na anamdai nini? Watazamaji wapande wamwambie mhusika mmoja mmoja anachodaiwa, naye ajibu. Hakuna atakayeweza kumrudishia Neema mwaka 2004, na baraza litaligundua hilo mapema. Ndipo mazungumzo yanakuwa ya watu wazima. Utingo anadaiwa mbele ya sheria, pamoja na matunzo ya mtoto. Baba mdogo anadaiwa nini, kusema hadharani kwamba aliuza? Na shule? Mara nyingi mtu atasimama na kusema kwamba Neema anaweza kufanya mtihani wa maarifa, ule unaoitwa QT, kisha mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Hilo linawezekana kweli. Mwezeshaji awe na taarifa mkononi: kituo kilicho karibu kiko wapi na ada ni kiasi gani. Ni aibu kuwapandisha watu hamu halafu ukose jibu la swali la ada.

Na Neema mdogo? Aketi barazani naye, na asishtakiwe. Mtu atajaribu kumshtaki. Daima yuko anayesema "lakini na yeye alipenda lifti". Usimnyamazishe msemaji. Mpe kiti mbele ya mtoto amwambie mwenyewe, usoni, naye mtoto aulize: "Shule ni mwendo wa saa ngapi kwa miguu, baba?"

Ruhusa na usalama

Pita kwa mtendaji wa kata na mwenyekiti wa kijiji au mtaa kabla ya kubandika tangazo, na kama ni shuleni, kwa mwalimu mkuu na wazazi. Sajili kikundi chako Baraza la Sanaa la Taifa ikiwa uko Tanzania Bara. Historia inatuonya: huko Kamiriithu, Limuru, mwaka 1977, wakulima na wafanyakazi walicheza mchezo wa Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mirii katika ukumbi wa wazi walioujenga kwa mikono yao. Kibali kiliondolewa, Ngũgĩ wa Thiong'o akawekwa kizuizini mwisho wa mwaka huo, na mwaka 1982 ukumbi ukabomolewa. Nyakati zimebadilika, lakini igizo linaloonyesha nani alisaini nini bado linagusa wenye kalamu.

Usicheze kisa cha mtu halisi wa kijiji hicho, hata akikuomba. Badilisha mahali, kazi, idadi ya mbuzi. Ndiyo maana nimekukataza kiti kitupu mbele ya umma: mtu atakapoanza kuzungumza na ujana wake mbele ya aliyemdhulumu, nawe ukafungasha virago na kuondoka jioni, yeye ndiye atakayebaki na majirani. Akitokea aliyeguswa sana, mtoeni pembeni na mtu mmoja tu, mwanamke kwa mwanamke. Kuwa na jina la afisa ustawi wa jamii wa eneo hilo. Kwa mtoto anayehitaji msaada, namba 116 ni ya bure Tanzania na Kenya pia. Itangaze mwishoni bila kuifanya hotuba.

Baada ya onyesho

Mweke mtu wa kuandika tangu mwanzo: kila jaribio lililochezwa, lilizuiliwa na nini, baraza lilidai nini. Boal alipokuwa diwani wa Rio de Janeiro, kati ya 1993 na 1996, vikundi vyake vilikusanya mapendekezo ya watazamaji namna hii na kuyapeleka kwenye baraza la madiwani. Sheria 13 zikapitishwa. Wewe huhitaji kuwa diwani. Mkutano mkuu wa kijiji unapaswa kukaa kila baada ya miezi mitatu, na mwananchi yeyote mtu mzima ana haki ya kusema pale. Ulizia tarehe ya mkutano ujao kabla hujapanga siku ya onyesho, onyesho liwe wiki moja kabla yake, na karatasi ya mapendekezo aipeleke mwenyeji aliyepanda jukwaani, si wewe.